Heshima ya Maiti na Njaa ya Mjane



Naomba nafasi katika gazeti letu la mwezi niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia, na ambalo mimi mwenyewe kwa muda mrefu sikupenda kulisema. Jambo lenyewe ni mazishi yetu. Najua ya kuwa anenaye habari za mazishi hugusa penye kidonda, maana hapana nyumba isiyofiwa. Walakini kidonda kisichooshwa huoza.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikaa chini ya mti nje ya kanisa, wazee kwa vijana, tukizungumza. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Nairobi akaeleza ya kwamba huko wako Wakristo, tena watu wenye majina makubwa, ambao wakifa miili yao huchomwa kwa moto upesi, bila mkutano, bila hotuba, bila karamu. Wazee wakashtuka. Mmoja akasema, "Hiyo ni desturi ya Wahindi, siyo ya Wakristo." Mwingine akasema, "Aliyekuwa majivu atafufukaje?" Wa tatu akatikisa kichwa, akasema, "Huyo amezikwa kama mbwa, bila watu." Mimi nilinyamaza. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa nilikumbuka barua moja, ambayo habari zake nitawaeleza sasa hivi. Basi leo nataka kuwajibu wazee wangu, kwa adabu, lakini bila kuficha.

Neno langu ni hili. Mkristo yuko huru kuomba mwili wake uchomwe kwa moto, kwa utulivu, pasipo kundi la watu. Hatendi dhambi, wala tumaini lake halipungui. Na sisi tunaobaki hatuna ruhusa kulivunja neno lake kwa ajili ya kuogopa macho ya watu. Deni letu si kwa maiti, bali kwa hao aliowaacha.

Sasa nieleze habari za ile barua. Mjomba wangu alikuwa mwalimu. Alifundisha watoto kusoma kwa miaka zaidi ya thelathini katika vijiji vya Iramba, naye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka shule. Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake la mtama na alizeti, akawa na jozi moja ya maksai. Mwisho aliugua, na binti yake akamchukua kwenda Dar es Salaam apate matibabu. Nilipokwenda kumwona alinipa kwa mkono wake barua aliyoiandika katika karatasi mbili za daftari. Maneno yake yalikuwa machache. Alisema akifa huko asirudishwe. Mwili wake upelekwe mahali pa Wahindu pa kuchomea maiti, awepo binti yake tu, na mchungaji akipatikana. Majivu yaletwe nyumbani katika chombo cho chote, yafukiwe chini ya mwembe alioupanda. Maksai wasiguswe. Na fedha iliyokuwapo ilipe karo ya mjukuu wake wa kike, ambaye wakati ule alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi.

Alikufa mwezi wa pili, wakati wa palizi. Ukoo ukakutana. Niliwaonyesha barua wazee wawili. Wakaisoma, wakaikunja, wakanirudishia, wakisema, "Ugonjwa ulimharibu akili. Tutaonekanaje mbele ya watu?" Litazameni neno hilo, ndugu zangu. Hawakuuliza yeye alitaka nini, wala hawakuuliza mjane atakula nini. Waliuliza, "Tutaonekanaje?"

Mwili ukakaa siku nane katika chumba cha maiti, na kila siku ina malipo yake. Gari likakodiwa kwa safari ya kilomita mia saba hivi. Likanunuliwa jeneza la kung'aa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Yakafungwa maturubai, vikakodiwa viti na vipaza sauti. Watu wakala siku nne. Mbuzi walipokwisha wakachinjwa ng'ombe wawili, na siku ya tatu, ng'ombe wengine walipokosekana, wakafunguliwa wale maksai. Mimi nilichaguliwa kusoma habari za maisha ya marehemu. Nikasoma mwaka aliozaliwa, shule alizofundisha, watoto aliowazaa. Barua ilikuwa katika mfuko wa koti langu, nami sikuisoma. Nilikuwa mwalimu mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, na mdomo wangu ulifungwa na macho ya watu.

Msimu uliofuata shamba la mjane lililimwa kwa jembe la mkono, kipande kidogo tu, maana hakuna wa kuvuta plau. Deni la dukani lilikuwa bado. Binti alirudi nyumbani kutoka chuoni, na mwaka haukwisha akaolewa. Kaburi la mjomba lina saruji na jina lake limeandikwa vizuri. Mjane hupita hapo kila asubuhi akienda kuomba unga kwa majirani.

Basi, baada ya kuona hayo, na nizitafakari sasa hoja za wazee wangu moja moja.

Kwanza, hoja ya ufufuo. Ikiwa moto unaweza kumzuia Mungu asimfufue mtu, basi imani yetu ni maneno matupu. Kumbukeni Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana Wakristo, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliteketezwa kwa moto mahali pale, na Karoli Lwanga alikuwa mmoja wao. Kila mwaka siku ile maelfu ya watu husafiri kwenda Namugongo, na wengine hutoka katika nchi yetu. Je! yuko mtu anayekwenda huko akisema mashahidi wale hawatafufuka kwa kuwa miili yao iliungua? Na zamani zaidi, mwaka 177, katika mji uitwao Lyon, katika nchi ya Ufaransa ya leo, watesaji waliichoma miili ya Wakristo, wakayatupa majivu katika mto Rhône, makusudi kuwanyang'anya tumaini la kufufuka. Habari hiyo iliandikwa na Eusebio katika historia yake ya Kanisa. Tazameni basi! Wanaosema leo ya kwamba majivu hayafufuki wanasema neno lile lile la wale watesaji.

Tena, mchwa na udongo hufanya nini kaburini? Hufanya polepole kazi ile ile ambayo moto huifanya kwa saa chache. Na waliomezwa na maji je? Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, walikufa mamia ya watu, na wengi hawakuletwa nchi kavu kamwe. Nani kati yetu angethubutu kumwambia mama wa mmoja wao ya kuwa mwanawe hana tumaini kwa sababu hana kaburi? Ufunuo wa Yohana watufundisha ya kwamba bahari nayo itawatoa wafu waliomo. Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu.

Mzee mmoja anayeisoma sana Biblia aliniambia habari za Amosi sura ya 2, jinsi Moabu alivyohukumiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Ni kweli. Lakini kosa la Moabu lilikuwa chuki, maana aliuaibisha mwili wa adui yake. Tusome na 1 Samweli sura ya 31. Hapo watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha wakautwaa mwili wa Sauli na miili ya wanawe, wakaichoma moto, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawa walifanya kwa upendo, na Daudi aliwabariki kwa fadhili zao kwa kumzika bwana wao. Moto ni mmoja, lakini moyo wa mwenye kuuwasha si mmoja.

Pili, husemwa kwamba Kanisa limekataza. Na tuseme kweli ilivyo. Kanisa Katoliki lilikataza kuchoma maiti mwaka 1886, kwa kuwa wakati ule huko Ulaya walikuwako watu waliochagua moto ili kuudhihaki ufufuo. Lakini mwaka 1963 Roma ililegeza katazo hilo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yausifu zaidi uzishi wa mwili, walakini haikatazi kuchoma, ila mtu akichagua hivyo kwa kuyapinga mafundisho ya Kikristo. Mwaka 2016 likaongezwa agizo ya kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa. Mkatoliki akiliwaza jambo hili na ayashike hayo, amwulize na padre wake kwanza. Na kwa upande wa Waanglikana, William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokufa mwaka 1944 mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakazikwa Canterbury. Huyo alikuwa askofu mwenye cheo cha kwanza katika Kanisa lao.

Mtu atasema, "Hao ni Wazungu." Haya, na tuangalie Waafrika. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya tangu 1980 hata 1994, alikufa mwaka 2005, na mwili wake ukachomwa kwa moto Nairobi, kama ule wa mkewe aliyemtangulia. Watu walishangaa sana, lakini mzee yule alikuwa amehubiri ufufuo maisha yake yote. Wangari Maathai, mama aliyepigania miti akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, alikufa tarehe 25 Septemba 2011. Aliagiza usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake, basi likatengenezwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi, na mwili wake ukachomwa Nairobi. Desmond Tutu, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, alikufa tarehe 26 Desemba 2021. Aliagiza jeneza lake liwe la bei ndogo kuliko yote, tena fedha nyingi zisitumike. Mwili wake haukuchomwa kwa moto, bali uliyeyushwa kwa maji yenye dawa, na masalio yake yakawekwa katika kanisa lake kuu tarehe 2 Januari 2022.

Siku ile ile ya 2 Januari 2022, kule Nairobi, alikufa Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa kwanza wa Kenya iliyo huru, Mwanglikana, mwana wa chifu, mwenye umri wa miaka 101. Mtu huyu angeweza kuzikwa kwa mizinga na hotuba za siku nzima. Lakini kama alivyotaka mwenyewe, mwili wake ulichomwa siku ile ile, saa chache baada ya kufa, mbele ya jamaa zake tu.  Huyo ndiye ambaye mzee wangu angesema amezikwa kama mbwa. Mimi nasema, mtu mwenye uwezo wa kuchukua vyote, akachagua kidogo, ametuachia fundisho kuliko hotuba kumi.

Tatu, hoja ya mila. Wazee husema, "Tusiache desturi ya mababu." Nami naiheshimu desturi ya mababu, na kwa sababu hiyo nauliza ilikuwa ipi. Kwa jirani zetu Wadatoga, mzee mwenye heshima kuu alijengewa kilima kirefu juu ya kaburi lake, na sherehe yake ilichukua miezi mingi. Lakini zamani watu wa kawaida hawakuzikwa, walilazwa porini. Wakikuyu wa kale walifanya hivyo hivyo, na waliozikwa walikuwa wazee wenye mali tu. Ni misheni na serikali zilizowafundisha watu hao kuzika kila mtu. Basi desturi ya kuzika tunayoiita ya tangu na tangu, mahali pengi ni mgeni wa juzi. Na jeneza la kung'aa je? Na maturubai, vipaza sauti, fulana zenye picha ya marehemu, na mtu wa kupiga picha kila aliaye? Babu gani wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aliyeyajua hayo? Hatutetei mila ya mababu, tunatetea biashara ya wenye maduka, nasi tumeivika nguo za mababu.

Waafrika husema kifo cha wengi ni harusi. Sisi tumefika mbali zaidi, maana hata kifo cha mmoja tumekifanya harusi, naye mwenye kulipa mahari ni mjane.

Tena itazameni hatari ya kuifanya maiti kuwa bendera ya ukoo. Huko Kenya alikufa mwanasheria S. M. Otieno tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi, na ukoo wake ukataka azikwe Nyalgunga, kwa baba zake. Wakaenda mahakamani, wakakata rufani, na mwili ukangoja katika chumba cha maiti miezi mitano, hata ukoo uliposhinda akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Sisemi nani alikuwa na haki, maana mambo yao yalikuwa mengi. Nasema hivi tu: mwili uliohitaji kupumzika ulikaa miezi mitano bila kupumzika, kwa jina la heshima.

Nne, husemwa ya kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nao haufai kutiwa motoni. Neno hili ni zuri, nami nalipenda. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwaambia watu walio hai, jinsi ipasavyo kuitunza miili yao. Hekalu huheshimiwa likiwa na ibada ndani yake. Sasa niulize, na kila mtu ajijibu moyoni. Mzee akiugua miezi sita, ni wangapi katika ukoo huleta nauli ya kumfikisha hospitali ya Iambi au ya Makiungu? Ni wangapi hununua dawa, maziwa, hata sabuni? Lakini akifa, michango hutumwa kwa simu kutoka kila mji, na watu ambao hawakumwona miaka kumi hufika na gari la kukodi, wakalia kuliko mjane. Fedha ya dawa haikupatikana, fedha ya jeneza ikapatikana kwa siku moja. Hilo hekalu tuliliacha livuje mvua lilipokuwa na mwenyewe, tukalipaka chokaa lilipokwisha kuhamwa. Je! hiyo ndiyo heshima?

Tano, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, "Amezikwa bila watu." Hapa sitaki kumjibu mzee wangu upesi, maana najua anenalo. Kwetu mtu si mtu peke yake. Kuzikana ndiko kunakotufanya majirani, na asiyekwenda msibani kwa mwenzake atakuja kulia peke yake. Nimeona mjane aliyeokolewa na wanawake waliolala naye chini mkekani siku tatu. Nimeona watu wenye ugomvi wa mpaka wa shamba wakishikana mikono kando ya kaburi. Mambo hayo ni mema, wala sitaki yapotee. Na mtu akichagua moto na upweke ili watoto wake wakwepe wajibu wa kutembelea na kutembelewa, huyo simtetei.

Lakini tuulize, wale watu wanahitajiwa na nani? Si maiti. Maiti hasikii hotuba, hahesabu viti, hajui kama jeneza ni la mninga au la mbao za masanduku. Anayehitaji watu ni mjane, ni yatima, ni mama mzee. Nao wanawahitaji hasa lini? Si siku ya karamu, maana siku ile wanajua tu kuungua na moshi wa jikoni. Wanawahitaji wiki ya tatu, nyumba inapokuwa kimya. Wanawahitaji mwezi wa kumi na mbili, mvua inaponyesha na hakuna wa kulima. Mjomba wangu hakusema watu wasiende kumwona mkewe. Alisema wasikusanyike juu ya maiti yake. Haya ni mambo mawili, na sisi tumeyachanganya, tukafanya lile lisilo na faida, tukaliacha lile lenye faida. Watu mia nne walikula kwa mjane siku nne. Siku ya tano alibaki na masufuria machafu.

Sitaki mtu aseme nimeficha upande wa pili, basi naukiri. Moto hauwezi kurudishwa nyuma. Kama kifo kina mashaka, mwili usichomwe kabla daktari na polisi hawajaridhika, kwa maana majivu hayatoi ushahidi. Tena mtu asiandike agizo kama hili kwa siri, amfungie mkewe mlango wa kuaga. Azungumze naye kwanza, maana mwenye kubaki na uchungu ni yeye. Na wapo ambao mioyo yao hutulizwa na kaburi la kwenda kupalilia. Hao wasilaumiwe, na majivu nayo huweza kuzikwa, kama yalivyozikwa ya Askofu Mkuu Temple, tena penye jiwe na msalaba. Wala siwaambii watu wa Singida wakate miti ya kuchomea maiti. Nchi yetu ni kavu, kuni zenyewe mama zetu huzifuata mbali, na vijijini kwetu hapana tanuri la kazi hiyo.

"Basi, mwalimu," mtu ataniuliza, "kama tanuri hatuna, watuandikia nini?" Nawaandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, watoto wetu wametawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi, na wazee wetu huwafuata huko kwa matibabu. Wengine watafia huko, na baadhi yao wataandika barua kama ya mjomba wangu. Barua hizo zikija, zisikunjwe. Ya pili, aliyoyatafuta mjomba katika moto twaweza kuyapata kwa jembe. Ajapo kufa mtu hapa kijijini, azikwe siku ile au ya pili yake. Avikwe sanda safi, au atiwe katika sanduku la mbao alilolipiga fundi wetu wenyewe. Ibada iwe fupi. Aliyetoka karibu arudi kula kwake, naye aliyetoka mbali apewe uji na kilicho nyumbani. Michango isiende dukani, ihesabiwe mbele ya wazee wa kanisa na kutiwa mkononi mwa mjane. Maksai wa marehemu, mbegu zake na karo za watoto wake viwe mwiko. Na baraza la wazee wa usharika liandike ni nyumba zipi zitamlimia mjane msimu ujao, kwa majina na kwa siku. Hiyo ndiyo hotuba ya mazishi ambayo Mungu aisikia.

Na wewe msomaji, mzee kwa kijana, usiache maneno yako katika sanduku la nguo. Yaandike ungali na afya. Yasome mbele ya mkeo au mumeo, mbele ya watoto, na mbele ya mchungaji au katekista wako, nao watie sahihi. Mjomba wangu alikosea jambo moja tu. Alimpa barua mtu mmoja, na mtu yule alikuwa mwoga.

Bwana wetu mwenyewe alilazwa katika kaburi la kuazima, jioni, kwa haraka, mbele ya watu wachache, na wengi wa rafiki zake walikuwa wamejificha. Hapakuwa na karamu. Mazishi yale yalikuwa madogo kuliko ya mtu ye yote tajiri wa kijiji chetu, na ufufuo wake haukungoja turubai.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mke wa mjomba, nikamsomea ile barua yote, tangu neno la kwanza hata la mwisho. Alisikiliza bila kulia. Nilipokwisha aliniomba karatasi zile, akazitia ndani ya Biblia yake. Kisha akaniuliza swali moja, nami silipatii jibu mpaka leo: "Mwanangu, ulikuwa nayo siku ile?"

Ndugu zangu, msingoje kuulizwa swali hilo.

Ni mimi mwalimu wenu,
Iramba, Singida.